Uuguzi katika wodi za wanaume za hospitali ya rufaa ya mkoa: mikono mizuri, makabidhiano dhaifu

Tathmini hii inahusu huduma ya uuguzi, wala si kazi ya madaktari, katika wodi mbili za wanaume za hospitali moja ya rufaa ya mkoa, Tanzania Bara: wodi ya magonjwa ya ndani na wodi ya upasuaji. Mgonjwa aliyenifikisha huko ni mjomba wangu, mzee aliyepita miaka sabini, mwenye kisukari cha aina ya pili na presha ya muda mrefu, aliyepelekwa kufanyiwa upasuaji wa tezi dume baada ya mkojo kumziba. Kwa kuwa sukari yake ilikuwa juu mno asiweze kuingizwa chumba cha upasuaji, alilazwa kwanza wodi ya magonjwa ya ndani ili itulizwe, kisha akahamishiwa wodi ya upasuaji, na mwishowe akaruhusiwa akiwa bado na mpira wa mkojo na maelekezo ya kujiuguza nyumbani. Safari hiyo ndiyo iliyonipa nafasi ya kuwaona wauguzi wa pande zote mbili wakimhudumia mtu yule yule, na ndiyo sababu maoni yangu yamegawanyika: muuguzi mmoja mmoja anafanya kazi bora kuliko watu wengi wanavyozisema hospitali za umma, lakini mgonjwa anapotoka mkono wa mmoja kwenda wa mwingine, zamu kwa zamu au wodi kwa wodi, sehemu ya kile kilichojulikana juu yake hupotea.

Nianze na wodi ya magonjwa ya ndani, ambayo nimeipa alama za juu. Kila asubuhi na kila jioni wagonjwa walipimwa joto, mapigo ya moyo, upumuaji, presha, na kiasi cha oksijeni kwa kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni. Upumuaji ndicho kipimo kinachopuuzwa kwa urahisi zaidi katika wodi nyingi, kwa sababu hakina mashine yake. Kinahitaji saa yenye mshale wa sekunde na muuguzi aliye tayari kusimama dakika nzima bila kufanya jambo lingine. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na hesabu hiyo inapoanza kupanda, mara nyingi huwa imetangulia dalili nyingine zote za mgonjwa kuzidiwa. Muuguzi wa zamu ya asubuhi alikuwa na ufundi wa kushangaza: alimaliza kuhesabu mapigo, kisha akabaki ameshika kifundo cha mkono wa mgonjwa kana kwamba bado anayahesabu, huku macho yake yakiwa kifuani, kwa kuwa mtu akijua kuwa pumzi zake zinahesabiwa hubadilisha namna anavyopumua.

Upimaji wa presha nao ulifanywa kwa utaratibu unaostahili. Mgonjwa aliachwa atulie kwanza, mkono ukaegemezwa usawa wa moyo, mkanda ukafungwa juu ya ngozi tupu wala si juu ya shati, na mazungumzo yakasimamishwa. Mjomba ni mtu wa hadithi, na sista alilazimika kumwambia zaidi ya mara moja, "Baba, nisubiri nimalize hapa, hayo mengine utanisimulia nikiwa na nafasi." Jambo hilo linaonekana dogo, lakini mtu anayeongea wakati anapimwa huonyesha namba iliyo juu kuliko ya kweli, na kwa mzee anayesubiri upasuaji namba hiyo inaweza kumwongezea dawa asizozihitaji au kuahirisha operesheni yake.

Lililonivutia kuliko yote katika wodi hiyo ni insulini. Insulini ya muda mfupi ya aina iliyokuwa ikitumika huchomwa takriban nusu saa kabla ya kula, na katika hospitali zetu, ambako wagonjwa wengi hula chakula kinacholetwa na ndugu, nusu saa hiyo haimo katika uwezo wa muuguzi. Inategemea lango linafunguliwa saa ngapi, daladala imekwama wapi, na uji umeiva lini. Muuguzi wa wodi hii hakuchoma sindano kwa kufuata saa ya ukutani, aliuliza kwanza, "Chakula kimefika?" Kama hakijafika, alipita kitanda hicho akarudi baadaye. Alikuwa amejua kuwa uji wa mjomba huingia wakati wa kuona wagonjwa asubuhi, karibu na saa moja, na akaipanga kazi yake kwa kuufuata uji. Sijaona mahali jambo hilo lilipoandikwa. Lilikuwa kichwani mwake, na hilo tutalirudia.

Majirani wa mjomba walinipa nafasi ya kuangalia uuguzi wa maradhi mengine. Kitanda cha pili alilala mzee ambaye moyo wake ulikuwa umedhoofika hata miguu ikavimba, naye alipimwa uzito kila asubuhi kwa mzani ule ule, kabla ya kula na baada ya kujisaidia, kwa kuwa maji yanayojikusanya mwilini huonekana kwenye mzani kabla hayajaonekana kwa macho. Dawa yake ya kupunguza maji alipewa asubuhi, ili asikeshe usiku akienda haja. Karibu na dirisha alikuwapo mgonjwa wa kiharusi, na nilifurahi kuona kwamba ndugu zake walizuiwa kumlisha hadi muuguzi alipomjaribu kwa kijiko cha maji akiwa ameketishwa wima, akasikiliza kama anakohoa au sauti inabadilika. Uji unaoingia kwenye njia ya hewa huleta homa ya mapafu, na homa hiyo huwaua watu ambao kiharusi chenyewe kilikuwa kimewaacha hai.

Kasoro za wodi hii si za mikono bali za vifaa na idadi. Wagonjwa hawakuwa na mkanda wa jina mkononi, hivyo usalama wa dawa ulitegemea muuguzi kuuliza jina na mgonjwa kujibu sawasawa, jambo gumu kwa mzee asiyesikia vizuri. Usiku walikuwapo wauguzi wawili kwa wodi nzima. Kwa sababu hiyo kazi ya kuogesha, kulisha, kugeuza na kumwaga chupa za mkojo huangukia kwa ndugu, na hapa nina neno la kusema. Kila mtu anajua kuwa ndugu wa mgonjwa ni sehemu ya uuguzi katika hospitali zetu, lakini hakuna anayewafundisha rasmi. Wanafukuzwa muda wa kuona wagonjwa unapokwisha, kisha wanaitwa kwa siri usiku mtu akihitaji kugeuzwa. Ingekuwa afadhali hospitali ikiri wazi kuwa inawahitaji, iwape dakika kumi za mafunzo, na kumruhusu mmoja akae.

Tuje sasa kwenye wodi ya upasuaji. Mjomba alihamishwa jioni, na faili lake likaenda naye likiwa na chati zote za sukari na presha. Maandalizi ya upasuaji yalifanywa vizuri sana. Muuguzi alimweleza mzee kwa lugha rahisi nini kitafanyika, akahakikisha karatasi ya ridhaa imesainiwa na mtu aliyeelewa, akamtoa meno ya bandia na pete, akapima sukari asubuhi, na alipoona kwamba zamu yake ya kuingia inacheleweshwa, alimtafuta daktari badala ya kumwacha mgonjwa wa kisukari akae na njaa bila dripu. Mgonjwa wa kisukari anapaswa kuwa wa kwanza kwenye orodha ya siku. Hakuwa wa kwanza, lakini walau alilindwa.

Makabidhiano kati ya wodi na chumba cha upasuaji ndiyo pekee niliyoyaona yakifanyika bila dosari. Muuguzi wa wodi na mwenzake wa thieta walisimama pande mbili za toroli, wakasoma jina, umri, aina ya upasuaji, mzio wa dawa, kipimo cha mwisho cha sukari na muda wa mlo wa mwisho, kila mmoja akiweka alama kwenye karatasi. Sababu ya ubora huo naiona kuwa ni karatasi yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, yenye vipengele 19 vinavyosomwa kwa sauti kabla ya ganzi, kabla ya kukata na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani, na desturi hiyo ya kusoma na kuweka alama imeenea hadi mlangoni mwa thieta. Muuguzi aliyechoka, muuguzi mgeni na muuguzi hodari wote hulazimika kupita njia moja. Mlango mwingine wowote wa hospitali ile hauna karatasi ya namna hiyo.

Mjomba alifanyiwa upasuaji wa wazi kupitia chini ya kitovu, kwa ganzi ya mgongoni. Alirudi wodini akiwa na mpira wa mkojo wenye njia tatu: moja ya kupitisha maji ya chumvi kuingia kwenye kibofu, moja ya kutoa mkojo pamoja na maji hayo, na moja ya kujaza puto linaloushikilia mpira mahali pake. Wasomaji wengi watakuwa wameona chupa hizo zikining'inia na hawakuelezwa kazi yake. Mahali tezi ilipoondolewa huvuja damu. Damu ikikaa kwenye kibofu huganda. Mabonge yakiziba mpira, kibofu hujaa, hutanuka, na kule kutanuka huongeza kuvuja. Maji yanayopita mfululizo huisafisha damu kabla haijaganda. Kwa hiyo muuguzi anaangalia mambo matatu bila kuchoka: maji yanaingia, maji yanatoka, na rangi ya yanayotoka, ambayo inapaswa kutoka wekundu kwenda waridi na hatimaye kuwa karibu meupe.

Hesabu yake ni rahisi lakini haina msamaha. Yakiingia mililita 3,000 na kutoka 3,700, mkojo halisi ni 700. Yakiingia 3,000 na kutoka 2,600, kuna maji 400 ambayo hayajulikani yalipo pamoja na mkojo wote wa muda huo, na muuguzi anapaswa kuamka kitini mara moja. Tatizo la wodi zetu ni kwamba maji hayo huja katika chupa za nusu lita, si mifuko mikubwa, hivyo mtu anapaswa kubadilisha chupa mara kwa mara mchana na usiku, na nyingine ndugu wanaombwa wakanunue duka la dawa la nje.

Zamu ya jioni ilifanya kazi hiyo kwa bidii. Presha na mapigo vilipimwa kila robo saa katika saa ya kwanza, kisha kila nusu saa, kwa kuwa ganzi ya mgongoni hulegeza mishipa na presha inaweza kushuka ghafla. Miguu ilijaribiwa kuona kama hisia zinarudi. Chupa zilibadilishwa kabla hazijakauka. Kila chupa iliyoingia iliandikwa kwenye chati. Kilichotoka hakikuandikwa. Mfuko wa mkojo ulikuwa ukijaa haraka, na binamu yangu, aliyekuwa akikesha naye, aliumwaga chooni kila ulipojaa kwa nia njema kabisa, kwa kuwa hakuna aliyempa jagi la kupimia wala kumwambia kuwa kile anachomwaga ni nusu ya hesabu.

Zamu ya usiku ilipoingia, ilikabidhiwa wagonjwa kwenye meza ya wauguzi kwa kusomewa kitabu cha ripoti: kitanda fulani, upasuaji wa tezi dume, hali nzuri, maji yanaendelea. Hakuna aliyekwenda kitandani. Usiku wa manane mjomba akaanza kulalamika maumivu makali chini ya tumbo. Jibu la kwanza lilikuwa dawa ya maumivu, jambo linaloeleweka kwa mtu aliyepasuliwa siku hiyo hiyo, na maumivu hayakupungua. Ndipo muuguzi, mwanamke mtu mzima ambaye nisingependa sifa yake ipotee katika lawama hizi, akafunua shuka, akaweka kiganja juu ya kibofu, akakikuta kigumu, kisha akatazama mfuko na kuuona mtupu. Alifunga maji yanayoingia papo hapo. Akanawa mikono, akavaa glavu safi za upasuaji, akafungua sirinji kubwa ya mililita 50, akasukuma maji ya chumvi taratibu na kuyavuta tena hadi mabonge ya damu yalipoanza kutoka, moja baada ya jingine. Mkojo uliposhuka, mzee alivuta pumzi akalala kabla sista hajamaliza kukusanya vifaa vyake.

Sikuwahi kuona kazi ya mikono iliyotulia namna ile, na ndiyo maana inaniuma kwamba haikupaswa kuhitajika. Kama zamu mbili zingesimama pamoja kando ya kitanda kwa dakika mbili, zikatazama chati na mfuko, ule upande mtupu wa safu ya maji yanayotoka ungeonekana saa kadhaa mapema.

Tukio la pili lilihusu uji. Mjomba alipoanza kula tena, insulini yake ilirudishwa, na katika wodi ya upasuaji sindano hiyo ilichomwa alfajiri, yapata saa kumi na moja, wakati zamu ya usiku ikimaliza kazi zake kabla ya kukabidhi. Lango lilifunguliwa saa kumi na mbili, na chakula kikafika karibu na saa moja, kama kilivyokuwa kikifika siku zote. Tulimkuta mzee akitoka jasho jembamba, akitetemeka, akijibu maswali kwa kuchelewa. Kipimo kilionyesha sukari 3.1, na chini ya 3.9 tayari ni hatari. Muuguzi wa asubuhi alifanya sawasawa na inavyofundishwa: sukari ya kawaida vijiko vidogo vitatu hadi vinne ndani ya maji kwa kuwa mgonjwa alikuwa anameza vizuri, kusubiri dakika 15, kupima tena, kisha uji wenyewe ili sukari isishuke kwa mara ya pili. Hakumwacha hadi alipoona namba imepanda.

Ukifuatilia asili ya tukio hilo hutaona mtu mzembe. Muuguzi wa usiku alifuata muda ulioandikwa. Muuguzi wa magonjwa ya ndani alikuwa anajua habari za uji lakini hakuziandika, kwa sababu kwenye faili hakuna mahali pa kuandika kwamba chakula cha mgonjwa hutoka nyumbani na huingia saa fulani. Faili lina nafasi ya kabila na dini, lakini halina nafasi ya jambo linaloamua saa ya sindano.

Dawa ya tatizo hili inajulikana. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliyataja mawasiliano wakati wa kukabidhiana wagonjwa kuwa miongoni mwa mambo tisa ya kutiliwa mkazo kwa usalama wa mgonjwa. Upo pia mtindo wa kukabidhi kwa hatua nne, uliotoka kwa wanamaji wa nyambizi za Marekani na kuingia hospitalini kupitia shirika la Kaiser Permanente: kuna nini sasa, kimetoka wapi, ninaonaje, na ninaomba nini kifanyike. Hauhitaji kompyuta wala fedha. Kwa mjomba ungesomeka hivi: amefanyiwa upasuaji wa tezi dume leo mchana na maji yanapita, ana kisukari na presha, yaliyotoka hayajapimwa hivyo sina hakika na hesabu, naomba twende tukamwangalie sasa.

Kwa haki, sista mkuu wa wodi hakutupuuza tulipomweleza. Hakujitetea wala kututumia mtu mwingine. Alichukua kipande cha karatasi, akaandika kwa kalamu nene kuwa chakula hutoka nyumbani na sindano isichomwe kabla hakijafika, akakibandika ukutani juu ya kitanda, na akaleta jagi lenye alama za mililita kwa ajili ya mfuko wa mkojo. Tangu hapo zamu zote ziliifuata karatasi ile, zikiwemo za wauguzi ambao hatukuwahi kuzungumza nao. Hospitali ikitaka kujua nini kinafaa kuongezwa kwenye fomu zake, ingeanza na karatasi hiyo.

Mambo mengine ya wodi ya upasuaji nayataja kwa ufupi. Mgonjwa aliketishwa na kusimamishwa mapema, siku iliyofuata upasuaji, na kufundishwa kupinda na kunyoosha vifundo vya miguu akiwa amelala ili damu isigande kwenye mishipa. Alipotaka kukohoa alielekezwa kubana mto juu ya kidonda, na kweli maumivu yalipungua. Maumivu yaliulizwa kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, ingawa wazee wengi hawaelewi kipimo hicho na mjomba alijibu "ya kawaida" kila mara. Muuguzi mmoja mwerevu aliacha namba akamuuliza kama anaweza kujigeuza mwenyewe. Kidonda kilioshwa kwa vifaa safi na bila haraka. Unawaji wa mikono ulikuwa mzuri wakati wa kufunga vidonda lakini hafifu wakati wa kupita kupima presha, ambapo mkanda mmoja na mikono ile ile vilitoka kitanda hadi kitanda.

Upande wa pili wa wodi walikuwapo vijana wa ajali za bodaboda, miguu yao ikivutwa kwa uzito ulioning'inizwa mwisho wa kitanda. Hawa ndio wanaopata vidonda vya kulalia kwa urahisi, matakoni na visiginoni, kwa kuwa hawawezi kugeuka. Nilimsikia muuguzi akimkataza mama mmoja kumsugua mwanawe kwa spiriti mahali palipokuwa pekundu, desturi ambayo zamani ilifundishwa hata na wauguzi wenyewe. Ngozi nyekundu juu ya mfupa tayari imekosa damu ya kutosha, na kuisugua huiharibu zaidi. Inachohitaji ni kuondolewa uzito. Alimwonyesha namna ya kijana kujinyanyua kwa kushika chuma kilicho juu ya kitanda kila baada ya muda, na namna ya kuweka mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kining'inie bila kugusa godoro. Huo ni uuguzi wa kisasa uliotolewa bila kifaa chochote cha kisasa, na ulitolewa kwa heshima.

Niseme pia kuhusu lugha. Malalamiko ya kwamba manesi wana maneno makali nimeyasikia maisha yangu yote, na katika wodi hizi mbili sikuyaona kwa wagonjwa. Wazee waliamkiwa "shikamoo baba" kabla ya kufunuliwa shuka, pazia lilivutwa pale lilipokuwapo, na muuguzi wa kiume, ambaye wazee wote walimwita daktari kwa ukaidi ingawa kila siku aliwasahihisha, ndiye aliyepangiwa kazi ya kusafisha mpira wa mkojo kwa wale walioona haya. Ukali niliousikia ulielekezwa kwa ndugu, hasa muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha, na baadhi yetu tuliustahili.

Udhaifu mkubwa wa mwisho ulikuwa siku ya kuruhusiwa, kwa sababu ruhusa nayo ni makabidhiano, tena ya mgonjwa kwenda kwa watu wasiosomea kazi hii. Maelekezo yenyewe, yaliyotolewa na muuguzi kijana, yalikuwa sahihi na kamili. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote lakini usiguse sakafu. Mpira usafishwe kwa maji na sabuni kila siku pale unapoingilia mwilini. Mzee anywe maji ya kutosha, asinyanyue mizigo kwa wiki sita, asijikamue chooni. Homa, damu yenye mabonge au mkojo kukatika ni sababu ya kurudi hospitali saa hiyo hiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki. Kuhusu insulini, chupa ikishafunguliwa itumike kwa wiki nne, na kwa kuwa nyumba ya mjomba haina friji, iwekwe ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga mbichi mahali penye kivuli. Ushauri huo wa chungu ni wa maana sana, na sikutegemea kuusikia ukitolewa na kijana wa rika lile.

Lakini yote hayo yalisemwa kwa mdomo, kwa mkupuo mmoja, kwa binamu yangu ambaye wakati huo alikuwa akikimbizana na dirisha la malipo na karatasi za bima. Mke wa mjomba, ambaye ndiye angemuuguza, alikuwa nje ya lango akisubiri gari. Kilichoandikwa kilikuwa orodha ya dawa na tarehe ya kliniki. Tuliyaandika maelekezo hayo wenyewe, tukiwa barabarani, kwa kumuuliza binamu anakumbuka nini.

Kwa nyota tano, wodi ya magonjwa ya ndani naipa nne na wodi ya upasuaji tatu. Nyota mbili zilizopungua kwa wodi ya upasuaji si za ufundi wala za adabu, bali za meza ile ambako mgonjwa anakabidhiwa akiwa hayupo. Ningempeleka ndugu yangu huko tena kwa upasuaji wa aina hii, na ningefanya mambo manne tangu saa ya kwanza: ningeomba jagi la kupimia mkojo na kuuliza wapi pa kuandika, ningemweleza muuguzi wa kila zamu chakula kinafika saa ngapi, hata kama nilikwisha kumweleza wa zamu iliyopita, ningekuwapo kitandani wakati zamu zinapobadilishana, na siku ya ruhusa ningehakikisha anayepewa maelekezo ni yule atakayemuuguza mgonjwa, akiwa na kalamu. Mwenye lalamiko kuhusu mwenendo wa muuguzi aanze na sista mkuu wa wodi, na lisipopata jibu liko Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo kazi yake kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 ni kusimamia taaluma hiyo. Sisi hatukufika huko. Karatasi iliyobandikwa ukutani ilitosha.